Siku Tatu kwa Baiskeli Hell's Gate: Panga Njia, Panga na Pesa

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, kwenye mteremko wa changarawe upande wa Olkaria. Tulikuwa wanne, tumechoka, tumejaa vumbi, na tunacheka. Rafiki yetu aliyekuwa mbele alibana breki ya mbele katikati ya kona. Gurudumu likateleza, akarushwa juu ya usukani na kuangukia bega. Tulipomsaidia kusimama, mkono wake wa kushoto haukunyanyuka. Baadaye hospitalini tuliambiwa mfupa wa mtulinga umevunjika.

Kwa bahati nzuri pikapu ilikuwa inapita. Dereva akasimama, akakubali kutupeleka Naivasha mjini, akataja bei ya haki kabisa. Hapo ndipo tulipogundua tatizo la pili. Pesa zote za safari zilikuwa kwenye simu ya mmoja wetu, mweka hazina wetu, na simu hiyo ilikuwa imezimika tangu saa nane kwa sababu alikuwa anarekodi njia na kuchukua video siku nzima. Wa tatu alikuwa na salio la kutosha, lakini mtandao ulikuwa unaonekana na kupotea, na kila akijaribu kutuma, ombi linakwama. Mimi nilikuwa na shilingi 140.

Yule dereva alitutazama, akautazama mkono wa mwenzetu, akasema, "Pandeni kwanza. Mtanilipa tukifika."

Tulimlipa, na nambari yake ninayo hadi leo. Lakini si kila siku utakutana na mtu kama huyo. Tangu siku ile tumerudi Hell's Gate mara mbili, na makala hii ni yale tungependa kuambiwa kabla ya ile safari ya kwanza: njia ya siku tatu, hatari zake, na jinsi ya kupanga pesa ili zipatikane pale zinapohitajika.

Kwa nini Hell's Gate?

Mbuga nyingi za Kenya hutaka uwe ndani ya gari. Hell's Gate ni mojawapo ya chache ambapo unaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Iko karibu na Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984. Si kubwa, takriban kilomita mraba 68, lakini kila unapogeuka kuna kitu: kuta za mawe mekundu pande zote mbili, pundamilia wakila nyasi hatua chache kutoka barabarani, twiga, swala, ngiri, na tai wakizunguka juu ya majabali.

Hapa watu hawaogopi simba sana kama kwingine, lakini usidanganyike. Nyati wako, tena wengi, na chui nao wapo ingawa ni nadra kuwaona. Baiskeli ina raha yake na ina hatari yake, na zote mbili zinatokana na jambo moja: haina kelele. Unaweza kufika karibu na mnyama kabla hajajua uko hapo, na mnyama aliyeshtuliwa ndiye hatari. Ukikaribia kichaka au kona usiyoona mbele yake, ongea, piga kengele, jitangaze. Ukiona nyati peke yake, hasa dume mzee, simama mbali na umpe muda aondoke. Akikataa kuondoka, wewe ndiwe utakayegeuza baiskeli. Na usipite kamwe kati ya mama na mtoto wake, awe nyati, ngiri au nyani.

Kabla ya kuondoka: baiskeli, tiketi na pesa ya kikundi

*Baiskeli.* Ukiwa na yako ya milimani, yenye matairi mapana, ni vizuri. Kama huna, ziko za kukodi kwenye njia panda ya kuelekea langoni. Usilipe kabla ya kuijaribu. Iendeshe mita mia moja, bana breki zote mbili, badilisha gia zote, zungusha magurudumu uone kama yamepinda. Angalia urefu wa kiti. Piga picha ya mikwaruzo yoyote iliyopo, ili jioni usije ukadaiwa. Mkikubaliana bei, uliza mapema: ni ya saa ngapi, na ikipata pancha ni nani atalipia? Swali hilo dogo limeokoa urafiki wa watu wengi.

Beba tyubu moja ya akiba, viraka, pampu na spana ndogo. Miiba ya migunga haina huruma. Helmeti ni lazima, na glavu pia, kwa sababu ukianguka kwenye changarawe, viganja ndivyo vinavyotangulia.

*Tiketi ya mbuga.* Langoni KWS hawapokei pesa taslimu. Malipo hupitia eCitizen, na unaweza kuyafanya ukiwa bado nyumbani. Chagua mbuga, tarehe na idadi ya watu. Raia, mkazi na mgeni hulipa viwango tofauti, kwa hivyo kila mtu abebe kitambulisho au pasipoti. Uliza pia kama kuna ada ya baiskeli, na uangalie viwango vya siku hiyo kwenye ukurasa wenyewe badala ya kutegemea blogu ya mwaka juzi.

Ukichagua kulipa kwa simu, ombi la malipo litatokea kwenye skrini yako. Kabla hujaweka PIN, soma mambo mawili: jina la anayelipwa na kiasi. Yakiwa sawa, endelea. Yakiwa na kasoro yoyote, futa na uanze upya. Ukimaliza, hifadhi tiketi kwenye simu kama picha, na utume nakala kwa mwenzako mmoja. Tiketi inayohitaji intaneti kufunguka haitakusaidia sana mtandao ukigoma langoni.

Na tafadhali: mtu akikufuata njiani akisema, "Nitumie mimi pesa, nitakulipia kwa bei ya chini," mshukuru na uendelee na safari yako.

*Pesa ya kikundi.* Hapa ndipo tulipokosea. Kuchanga pamoja ni vizuri: mahesabu yanakuwa rahisi na hakuna anayelalamika kwamba alilipia chai mara tatu. Kosa letu lilikuwa kuweka kila kitu kwenye simu moja. Siku hizi tunafanya hivi:

- Mweka hazina ana pesa za matumizi ya kawaida: kambi, chakula, nauli, gaidi.
- Mtu wa pili, mwenye laini ya mtandao tofauti ikiwezekana, ana kiasi cha kuwarudisha watu wote nyumbani. Haziguswi mpaka siku ya mwisho.
- Kila mtu ana pesa yake ya dharura kwenye simu yake mwenyewe, angalau ya kukodi gari hadi hospitali iliyo karibu.
- Kila mtu ana pesa taslimu kidogo, noti ndogo ndogo za 50, 100 na 200, ndani ya mfuko usioingiza maji.

Kampuni ya malipo ya simu kukuambia ubebe pesa taslimu? Ndiyo. Simu inahitaji chaji na mtandao, na porini unaweza kukosa vyote viwili kwa wakati mmoja. Noti ya mia mbili haihitaji mtandao.

Siku ya kwanza: Nairobi hadi kando ya ziwa

Kuna njia mbili za kwenda Naivasha. Ya juu hupitia Limuru na Kinale, na ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano miaka ya 1940. Wako waendesha baiskeli wanaoteremka njia ya chini kwa magurudumu yao. Mandhari ni ya ajabu, lakini malori ni mengi na pembezoni mwa barabara ni pembamba. Kama hujazoea barabara kuu, panda matatu.

Baiskeli hupanda juu ya keria. Elewana na konda kabla ya kupakia, kwa sababu nauli ya baiskeli haina bei maalum na ukishafunga kamba huna nguvu ya kubishana. Toa gurudumu la mbele, geuza upande wenye gia uangalie juu, na ufunge kamba yako mwenyewe hata kama konda amefunga yake.

Mkishuka Naivasha mjini, fanyeni shughuli zote za pesa hapo. Maejenti ni wengi na wana floti ya kutosha. Ukienda mbele zaidi, hasa Jumapili jioni au wikendi ya sikukuu, unaweza kukuta ejenti ana meza na mwavuli lakini hana noti. Toa kile kiasi chako kidogo, nunua bando, chaji simu huku mkinywa chai, halafu anzeni kuendesha.

Barabara ya Moi South Lake ni ya lami, tambarare kwa sehemu kubwa, ikiwa na mashamba ya maua upande mmoja na migunga mirefu yenye magome ya manjano upande wa ziwa. Mko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo msishangae pumzi ikipungua mapema kuliko mlivyozoea. Jua nalo ni kali hata kama kuna upepo. Kutoka mjini hadi njia panda ya Hell's Gate ni chini ya kilomita 20, mchana mmoja wa taratibu.

Kambi ziko nyingi kando ya ziwa, na nyingi hutaka amana. Hapa kuwa makini. Kambi halisi kwa kawaida itakupa nambari ya till au ya paybill, na jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha litafanana na jina la biashara. Ukipewa nambari ya mtu binafsi, piga simu kwanza ukitumia nambari iliyo kwenye ukurasa rasmi wa kambi, uulize kama wanaitambua. Picha nzuri za mahema si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kuziiba mtandaoni.

Usiku, ukisikia kitu kinatafuna nyasi nje ya uzio kama mashine ya kukata majani, huyo ni kiboko. Hutoka ziwani gizani kuja kula nchi kavu. Usitoke na tochi kwenda kumpiga picha, na usiendeshe baiskeli kando ya ziwa baada ya jua kutua. Kiboko anaonekana mzito, lakini kwa mbio fupi atakushinda.

Siku ya pili: ndani ya mbuga

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fika mapema, kwa sababu tatu: wanyama wako barabarani, jua halijawa kali, na upepo wa mchana haujaanza kukurushia vumbi usoni. Lango la Elsa lilipewa jina la yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, ambaye aliishi kando ya Ziwa Naivasha.

Ukiingia tu, mbele yako kuna Fischer's Tower, nguzo ya jiwe yenye urefu wa kama mita 25. Ni masalio ya volkeno: uji wa moto uliogandia ndani ya bomba la mlima, kisha mlima wenyewe ukamomonyoka na kuacha kiini chake. Ilipewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883 akitafuta njia ya kupita Bonde la Ufa, na Wamaasai wakamzuia. Wamaasai wenyewe wana simulizi yao kuhusu jiwe hilo: ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akakatazwa kutazama nyuma, akageuka kuangalia nyumbani mara ya mwisho, akawa jiwe. Chini yake utaona pimbi wakiota jua. Ukiwa na vitafunio, vifunge.

Kutoka hapo barabara hupita katikati ya kuta za mawe hadi kwenye korongo la Ol Njorowa. Ni changarawe na mchanga, na kuna sehemu ambapo gurudumu linazama. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, kaa nyuma kidogo kwenye kiti, na usikate kona kwa ghafla. Breki zibane zote mbili kwa pamoja, ya mbele kwa upole, na umalize kupunguza mwendo *kabla* ya kona. Rafiki yetu alibana ya mbele peke yake, kona ikiwa imeshaanza. Angekuwa amebana mita kumi nyuma, leo ningekuwa naandika makala nyingine.

Nusu ya njia hiyo simu yako haitakuwa na mtandao wa maana, na hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Simu ikikosa mtandao haitulii. Inaendelea kuutafuta kwa nguvu zaidi, na utafutaji huo unakula betri. Ndiyo maana simu ya mweka hazina wetu ilikufa saa nane mchana huku asubuhi ilikuwa imejaa. Dawa ni rahisi: ukiingia eneo lisilo na mtandao, washa hali ya ndegeni. GPS itaendelea kufanya kazi, kwa sababu inapokea ishara za setilaiti wala haitegemei minara ya simu. Pakua ramani mapema, na ubebe pawabenki iliyojaa.

*Korongo.* Baiskeli huachwa kwenye kituo cha walinzi, na korongo, likiwa wazi, hutembelewa kwa miguu pamoja na gaidi. Ni mahali pazuri mno: kuta zimechongwa na maji kama mbao zilizopigwa randa, na kuna chemchemi za maji moto zinazotiririka ukutani. Lakini kilichochonga kuta hizo ni mafuriko, na mafuriko hayajaacha kuja. Mwezi Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa humo. Mwezi Septemba 2019, watu wengine saba wakasombwa na kufa.

Elewa inavyotokea. Korongo ni mfereji. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali, wewe ukiwa chini ya anga la buluu, na maji yakafika yote kwa pamoja kama ukuta. Mahali penye kuta za kupanda hapana pa kukimbilia. Kwa hivyo: gaidi akisema leo hatuingii, hamuingii. Usijaribu kumbembeleza kwa pesa, na ukimwona gaidi anayekubali pesa ili apuuze tahadhari, huyo si wa kumfuata. Mkiwa ndani na maji yakaanza kubadilika rangi au mkasikia mngurumo, pandeni juu kwanza, maswali baadaye.

Gaidi mlipe mkishamaliza, na mkubaliane bei kabla ya kuanza. Ikiwa mtandao haupo pale kituoni, hapo ndipo zile noti ndogo zinapofanya kazi. Usimwambie, "Nitakutumia jioni." Mara nyingi jioni husahau, na yule anaishi kwa kazi hiyo.

Nyani wa eneo la kupumzikia nao wana desturi zao. Mfuko wa plastiki kwao ni chakula. Mmoja wetu aliporwa chapati mbili na, kwa sekunde chache za hofu, simu. Nyani alipoona simu hailiki aliitupa.

*Olkaria.* Baada ya korongo, waliochoka warudi kwa Lango la Elsa. Wenye miguu waendelee kuelekea Olkaria, ambako kuna kupanda kwa kweli. Utaona mabomba makubwa ya fedha yakizunguka vilima na mvuke mweupe ukitoka ardhini. Hiyo ni stima inayotoka chini ya ardhi. Maji yaliyopashwa moto na miamba hutolewa kwa visima virefu, mvuke wake huzungusha mitambo. Kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ni ya mvuke wa aina hii. Ukichaji simu yako usiku, kuna uwezekano mkubwa unatumia joto la vilima hivyo hivyo ulivyovitolea jasho.

Mteremko wa upande huu ndio uliotuangusha. Uteremke polepole. Na uwe nje ya lango kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Siku ya tatu: kuzunguka ziwa

Siku ya tatu unaweza kupanda Mlima Longonot, mita 2,776, lakini huko ni kwa miguu tu. Sisi hupenda kukaa kwenye baiskeli na kulizunguka ziwa kwa upande wa magharibi: Kamere, Kongoni, halafu barabara ya kaskazini hadi Naivasha mjini.

Anza Kamere kwa kifungua kinywa: chapati, maharagwe na chai ya rangi au ya maziwa. Karibu kila kibanda kina nambari ya till imebandikwa ukutani. Iangalie vizuri. Andika nambari, soma jina, *kisha* weka PIN. Ukiona jina silo, muulize mwenye kibanda kabla ya kulipa. Mara nyingine stika imefutika tarakimu moja, na mara nyingine mtu mwovu amebandika yake juu.

Mbele kuna Ziwa Oloidien, ambako wakati mwingine huonekana heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, halafu Crater Lake, ziwa dogo la kijani lililolala ndani ya shimo la volkeno. Lami ikiisha vumbi linaanza, na upande wa kaskazini maduka ni machache. Maji lita tatu kwa kila mtu si mengi. Hesabu saa nne hadi sita za kuendesha, pamoja na pancha moja, kwa sababu pancha moja lazima iwepo.

Huku ndiko utakapoona faida ya ile menyu ya nyota. Huhitaji intaneti kutuma wala kulipa. Piga msimbo wa huduma kwenye simu, hata iwe mulika mwizi, na ukiwa na mtandao wa kawaida wa kupiga simu utalipa bila bando. Uhifadhi msimbo huo kwenye orodha yako ya namba kabla ya safari.

Mambo yakiharibika

*Mtu ameumia.* Mtoe barabarani, usimwondoe helmeti kama analalamika shingo, na piga 999 au 112. Ukiwa ndani ya mbuga, tafuta walinzi: wanajua njia na wana redio. Pesa ya dharura ndiyo kazi yake sasa. Usiulize itatoka kwenye hesabu ya nani.

*Umetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi.* Usimpigie mpokeaji kumtukana. Tupigie sisi mara moja, ukiwa na meseji ya muamala. Ukichelewa, mpokeaji anaweza kuwa ameshazitoa.

*Mgeni anakupigia: "Nimekutumia kimakosa, nirudishie."* Angalia salio lako mwenyewe kupitia menyu, usiamini meseji peke yake. Hata kama pesa zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ziweze kurudishwa kwa utaratibu. Walaghai hupenda watu waliochoka, na siku ya tatu ya safari umechoka.

*Simu imepotea au imeanguka majini.* Omba simu ya mwenzako, tupigie, laini na akaunti zifungwe. Ndiyo sababu PIN haikai kwenye karatasi nyuma ya kava ya simu, na ndiyo sababu haiambiwi hata rafiki wa karibu. Sisi hatutakuuliza PIN yako. Yeyote anayeiuliza, hata akijua jina lako kamili, si sisi.

Orodha ya usiku kabla ya safari

- Tiketi za mbuga zimelipwa, picha zimehifadhiwa kwenye simu mbili.
- Pesa za kikundi ziko kwenye simu mbili. Kila mtu ana yake ya dharura.
- Noti ndogo ziko mfukoni, mbali na simu.
- Simu na pawabenki zimejaa, ramani imepakuliwa.
- Namba tatu muhimu zimeandikwa *kwenye karatasi*: mtu wa nyumbani, kambi, huduma kwa wateja.
- Mtu wa nyumbani anajua njia yenu na saa mtakayompigia kila jioni.
- Tyubu, viraka, pampu, helmeti, maji.

Rafiki yetu alipona. Alikaa wiki kadhaa na mkono kwenye kombeo, akilalamika kuliko alivyoumia. Safari iliyofuata ni yeye aliyesema turudi, na yeye ndiye aliyeshika nusu ya pesa. Tulipofika kwenye ile kona, alishuka, akaisukuma baiskeli kwa miguu hadi chini, hakusema neno. Sisi pia tulishuka.

Jioni tulimpigia yule dereva wa pikapu tukamwalika chai Kamere. Alikuja. Alipotaka kulipa, tulikuwa tumeshalipa, kwa till, jina likasomwa kwa sauti na watu wanne.

Una swali kuhusu malipo ya safari yako? Tupigie au tuandikie ndani ya programu kabla hujafunga begi. Safari njema, na shika breki zote mbili.